Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Ziwa Tanganyika: hesabuni majaketi yaliyovaliwa, si yaliyobebwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), wakurugenzi wa halmashauri zetu za mwambao, na viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia uvuvi ufukweni) wa mialo yote, yaani mahali vyombo vya uvuvi vinapotia nanga na kushusha samaki, kuanzia Kagunga hadi Kalya.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka mwisho wa reli. Mimi ni mwanika dagaa hapa Kibirizi. Siingii ziwani. Kazi yangu inaanza alfajiri vyombo vinapofika, tunaponunua kwa ndoo na kukimbilia kuanika kabla jua halijakaza. Lakini kila shilingi inayoingia nyumbani kwangu imepitia mikononi mwa vijana wanaokesha majini, na kwa kuwa banda langu linatazama mwalo, nawaona wakitoka jioni na nawaona wakirudi. Mkaguzi anayekuja saa nne asubuhi hawaoni. Ndiyo maana naandika mimi.

Ombi langu ni moja, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo: acheni kuhesabu majaketi ya kujiokolea yaliyomo ndani ya chombo. Hesabuni yaliyo mwilini mwa wavuvi chombo kinapoondoka.

Sheria tunayo. Chombo kinatakiwa kiwe na jaketi kwa kila aliyemo, na vyombo vingi vya hapa vinayo. Nendeni mkaone yanakokaa. Yako mbele kabisa, chini ya ubao, ndani ya kiroba kilichofungwa kwa kamba ya nailoni, fundo juu ya fundo. Juu ya kiroba kumewekwa betri ya taa, pembeni yake dumu la petroli, na juu ya vyote hivyo kumetupwa koti la mvua la mtu. Kukifungua kiroba hicho mchana, chombo kikiwa mchangani na mikono ikiwa mikavu, ni shughuli. Saa nane za usiku, mawimbi yakishaanza kuingia, hakuna atakayekikumbuka, na akikikumbuka hatakifikia. Nilimuuliza kijana mmoja kwa nini wameyafunga hivyo. Wala hakusita: "Mama, yasiibiwe, halafu yasichafuke. Wakija wakaguzi tunayatoa."

Hapo ndipo tulipofika. Ni ile kofia ya bodaboda inayoning'inia kwenye usukani mpaka dereva amwone trafiki. Siku za ukaguzi nimewahi kuona jaketi lile lile likihesabiwa kwenye chombo hiki, kisha likapitishwa kwa nyuma likahesabiwa na kwenye chombo cha jirani. Watu tulicheka. Sasa hivi nikilikumbuka sicheki.

Kwa wasiolijua ziwa hili, na humo serikalini wamo wengi waliotoka mbali, niseme kidogo. Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Palipo na kina kirefu zaidi ni takriban mita 1,470. Lina urefu wa zaidi ya kilomita 670, na kutoka upande wetu hadi Kongo ni kama kilomita 50. Dagaa wake huvuliwa usiku, tena usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa watu hupumzika, kwa sababu taa haiwavuti dagaa mwezi ukiwaka. Kwa hiyo kazi yenyewe imechagua saa ambazo mtu akianguka haonekani.

Na kuanguka si lazima kuwe na dhoruba. Tazameni kipe kilivyo: mitumbwi miwili imeunganishwa kwa miti, wavu umeshushwa katikati, taa zinamulika maji. Watu wanatembea juu ya miti hiyo pekupeku. Miti imelowa, ina magamba na utelezi wa dagaa wa jana. Mtu anainama kuvuta kamba, chombo kinayumba kidogo tu, mguu unateleza. Au, na hili tunaona haya kulisema ingawa kila mvuvi analijua, mtu anaamka saa tisa usiku kwenda haja ndogo ukingoni, wenzake wamelala wakisubiri dagaa wakusanyike kwenye mwanga. Wakiamka kuvuta wavu wanajikuta wamepungua mmoja.

Najua jibu la vijana: "Sisi tumezaliwa ziwani, tunaogelea." Ni kweli, wanaogelea kuliko yeyote atakayeisoma barua hii. Lakini kuogelea kunamsaidia mtu mwenye fahamu, asiyevaa koti la mvua na suruali nzito, asiyenaswa na wavu, anayejua nchi kavu iko upande gani. Aliyegonga kichwa kwenye ubao wakati anaanguka haogelei. Aliyeachwa na chombo kinachosukumwa na upepo hawezi kukifukuza kwa mikono. Na ufukwe uko kilomita kadhaa.

Kuna jambo moja linalonifanya nisielewe kwa nini hatulipi jaketi uzito unaostahili hapa kwetu hasa. Maji ya Tanganyika si baridi. Juu yanakaa nyuzijoto 25 hivi au zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Katika nchi za baridi aliyetumbukia majini anaweza kuishiwa nguvu ndani ya muda mfupi hata kama anaelea. Hapa aliyevaa jaketi anaweza kukaa majini saa nyingi, atetemeke, achoke, lakini kukuche akiwa hai, na asubuhi ziwa limejaa vyombo vinavyorudi. Jaketi kwetu linamnunulia mtu usiku mzima. Halafu tunalifunga kwenye kiroba.

Wala tatizo hili si la maskini peke yake. Marekani, ambako walinzi wa pwani hutoa takwimu za ajali za maboti ya starehe kila mwaka, takribani robo tatu ya wanaokufa huwa wamekufa kwa kuzama, na kati ya waliozama kama 85 katika kila 100 hawakuwa wamevaa jaketi. Nchi ile majaketi yamejaa madukani. Kuwa nalo na kulivaa ni mambo mawili, huko na huku.

Sasa, kabla hamjasema ni ujeuri wa vijana, lichukueni jaketi lenyewe mkalivae mvute wavu nalo. Mengi yaliyoko huku ni ya abiria: mapande manene kifuani, pande jingine nyuma ya shingo, mikanda mirefu inayofungwa kiunoni na ncha zake kubaki zinaning'inia. Abiria amekaa, halimsumbui. Mvuvi anainama, ananyoosha mikono, anajizungusha, na pande la kifuani linamficha miguu yake mwenyewe juu ya ile miti inayoteleza. Mkanda ukiingia kwenye jicho la wavu unaoshuka, jaketi lile lile litamvuta majini. Vijana hawajakosea wanapolalamika. Wamepewa vazi la mtu mwingine, kisha wanalaumiwa kwa kutolivaa.

Yapo majaketi yaliyoshonwa kwa ajili ya kazi, mtindo wa kizibao: yanabana mwilini, mabega yako wazi, hayana kinachoning'inia. Vipimo vya kimataifa vinayapanga kwa nguvu ya kuelea, kwa nyutoni: 50, 100, 150 na 275. La 50 ni la kumsaidia anayejua kuogelea na mwenye fahamu. Aliyezimia halina uhakika wa kumgeuza uso ukatazama juu. Kazi hiyo ni ya kuanzia 100. Hapa nitasema langu, wataalamu wenu wanisamehe: nikiambiwa nichague kati ya la 150 lililo kwenye kiroba na la 50 lililovaliwa usiku kucha, nachukua la 50. Najua upungufu wake, nimeshautaja. Basi tuleteeni la 100 ambalo mtu anaweza kuvuta wavu akiwa nalo, tutalichukua hilo. Yale ya kujijaza hewa kwa chupa ya gesi ni mepesi na mazuri, lakini kila yakifyatuka yanataka chupa mpya, na chupa hizo huku tutazipata wapi?

Liwe na rangi ya machungwa au njano, liwe na utepe unaong'aa ukimulikwa tochi, na filimbi iliyofungwa kifuani. Filimbi nisisitize. Ziwani usiku kuna woga wa maharamia. Wavuvi wameporwa injini, na chombo kikiona mwanga wa ajabu unapunga gizani mara nyingine kinazima taa na kuondoka badala ya kusogea. Mtu anayepiga kelele "nisaidieni" anaweza kuchukuliwa kuwa ni mtego. BMU zikikubaliana mlio mmoja wa filimbi kwa mialo yote, kila mmoja atajua ni mwenzake yuko majini.

Tafadhali, msiyanunue ofisini. Leteni aina tatu au nne hapa mwaloni, wapeni manahodha wavulie giza moja zima, yaani siku zote za mwezi zisizo na mbalamwezi, kisha muwaulize. Na Shirika la Viwango (TBS) lije nalo. Jaketi lililojazwa sponji inayonyonya maji linafanana na zuri likiwa dukani. Likirushwa majini hapo ufukweni, mbele ya watu wote, litamuumbua muuzaji wake kabla ya saa moja. Mafundi cherehani tunao, na zile asilimia 10 za mapato ya ndani ambazo halmashauri zinawakopesha vijana, wanawake na wenye ulemavu zingeweza kuwafundisha baadhi yao kushona majaketi kwa kipimo cha TBS. Hilo nalitaja tu, wenye kujua biashara hiyo walipime.

Suala la pesa ndilo linalokwepwa, kwa hiyo acheni niliseme wazi. Jaketi anunue nani?

Mnajua mgawo ulivyo. Dagaa wakiuzwa, kwanza yanatolewa mafuta na chakula, kinachobaki kinagawanywa: fungu la tajiri mwenye chombo na nyavu, na fungu la wavuvi. Mvuvi hana chombo maalumu. Giza hili yuko kwa huyu, giza lijalo yuko kwa yule. Ukimwambia ajinunulie jaketi atakuambia kesho. Ukimwachia tajiri, wapo watakaolinunua na kulikata kwenye fungu la wavuvi kama vile ni deni lao, na hapo jaketi litachukiwa kabla halijavaliwa. Na mnapokamata, anayetozwa faini ni nani? Ni yule aliyekutwa kwenye chombo, ambaye wala chombo si chake.

Matajiri ninawafahamu, wengine ni wateja wangu na mmoja au wawili ni ndugu. Si watu wabaya. Lakini tajiri ananunua injini kwa mamilioni, anaifunga kwa mnyororo na kufuli, usiku wa mbalamwezi anaipeleka kulala ndani ya nyumba. Nikimwambia vijana wanne au watano wanaoiendesha hawana la kuvaa ananijibu, "Ajali haina kinga, dada." Ajali haina kinga, sawa. Kuzama kuna kinga, na bei yake haifiki hata robo ya bei ya injini.

Kwa hiyo liwekeni kwenye leseni. Leseni ya uvuvi inakatwa kila mwaka. Asipewe mwenye chombo ambaye hajaleta majaketi ya kazi kwa idadi ya watu wake, yakiwa mazima, na yasikatwe kwenye mgawo. Chombo kikikutwa ziwani watu wake hawajavaa, faini imwendee mwenye leseni na nahodha. Mkifanya hivyo miezi mitatu tu, mtawaona matajiri wenyewe wamesimama mwaloni jioni wakifokea vijana wavae. Hakuna askari atakayewafikia kwa ukali.

Na msiniambie haiwezekani kusimamia. Mwaka 2024 mlilifunga ziwa hili kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na likafungwa. Tuliumia, sisi waanikaji pengine kuliko wote kwa sababu hakuna aliyekumbuka kutuuliza, lakini tulielewa. Mnapima macho ya nyavu kwa milimita. Wavu haramu mnaukamata na kuuchoma hadharani, moshi wake tunauona. Uwezo huo wote wa kumlinda dagaa asivuliwe angali mdogo, hata sehemu ndogo yake, ungeweza kumlinda anayemvua. Miezi ya ziwa kufungwa vijana wamekaa tu wakicheza bao na drafti. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA) ana kampasi hapa hapa Kigoma. Ni nafasi gani nyingine mnayoisubiri ya kuwafundisha kuelea kwa jaketi, kumpandisha aliyeanguka bila kupindua mtumbwi, kumpulizia pumzi aliyekunywa maji?

Suala la uchuro nalo lipo, nisilipite. Wapo wanaoamini kuvaa jaketi ni kujitabiria kifo. Hilo halitaki faini. Linataka wazee wa mwaloni wavae kwanza, na masheikh na wachungaji walisemee siku za ibada. Nahodha mmoja mwenye jina akivaa, wafuasi wake watavaa wiki hiyo hiyo.

Jingine ni daftari. Jioni chombo kinapotoka hakuna anayeandika nani yumo. Vibarua wanabadilishana dakika ya mwisho. Huyu anaumwa, anampa nafasi binamu yake. Chombo kisiporudi tunaanza kuulizana ufukweni ni akina nani walikuwamo, na mama anaweza kukaa siku mbili akidhani mwanawe yuko Ujiji kumbe alikuwa majini. Na ziwa hili, kwa kina chake, halirudishi kila linachochukua. Kuna wanawake katika mwambao huu ambao hawana kaburi la kuzuru wala cheti cha kifo cha kupeleka mahakamani kwenye mirathi. Si wake wala si wajane. Ndugu wa mume wanagawana nyavu, yeye anaambiwa asubiri. Daftari la BMU lenye jina la kila aliyetoka, saa aliyotoka na namba ya simu ya mtu wake wa nyumbani, lisingemrudisha mume. Lingempa huyu mama ushahidi. Gharama yake ni daftari la kaunta na kalamu, na posho ndogo ya mtu wa kukaa nalo jioni na asubuhi.

Daftari hilo pia ndilo litakaloamsha uokoaji mapema, kama uokoaji upo. Leo chombo kikichelewa wanaokwenda kutafuta ni wavuvi wenzao, kwa injini zao, na petroli tunachangishana hapa hapa: huyu elfu mbili, yule elfu tano, huku muda unakwenda. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilipoanguka Ziwa Victoria karibu na Bukoba, wavuvi ndio walifika mwanzo, na taifa zima likalijua jina la kijana Majaliwa Jackson. Alistahili kila pongezi aliyopewa. Ila wavuvi waliofika pale walifika kwa sababu wako ziwani kila siku. Nani anafika wao wanapozama? Wenzetu wa Victoria wamepata mradi wa nchi kadhaa wenye kituo cha uratibu wa utafutaji na uokoaji Mwanza. Sisi tuna nchi nne ziwani, na tuna Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Pelekeni hoja huko. Lakini wakati mkisubiri vikao, wekeni boti moja Kigoma na moja upande wa Uvinza, zenye mafuta ambayo hayaruhusiwi kutumika kwa safari za viongozi, na mfuko wa kumrudishia petroli yake mvuvi yeyote aliyekwenda kutafuta.

Kuhusu hali ya hewa nitasema machache. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari, na redio za hapa husoma. Ila mvuvi anayelala mchana na kuamka saa kumi hasikilizi redio. Bendera nyekundu kwenye mlingoti mrefu mwaloni ataiona, hasa Mei hadi Agosti upepo wa kusi unapopamba moto, na wakati wa masika radi zinapokuja ghafla. Na bendera ikipandishwa, BMU iwe na meno ya kuzuia chombo kutoka. Bila hivyo itakuwa pambo.

Giza likianza tena, njooni. Msije asubuhi na msitupigie simu mkituarifu, maana viroba vitafunguliwa siku hiyo na kufungwa kesho yake. Njooni saa kumi na moja jioni, simameni Kibirizi, Katonga, Ilagala na Mwamgongo, mtazame vyombo vinavyosukumwa majini, na mhesabu miilini. Mkimaliza, tangazeni idadi mliyoipata, nasi tulinganishe na ya mwezi unaofuata. Chai ya jioni kwenye banda langu ni bure kwa yeyote atakayekuja na kalamu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwanika dagaa, Kibirizi, Kigoma